Nchi Zinazocheza Kriketi ya Kimataifa
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule)



Barua ya Katibu wetu iliyoniita hapa ilikuwa fupi. Ilinitaka nizungumze juu ya nchi zinazocheza kriketi ya kimataifa, basi. Nilipompigia simu kumwuliza imekuwaje, alinieleza kwamba vijana wa Kidato cha Tatu walibishana bwenini usiku kucha. Mmoja alisema nchi hizo ni 10. Wa pili akasema ni 12. Wa tatu akasema zimepita 100, na kwamba hata Tanzania imo. Asubuhi wakamwendea mwalimu wa michezo, naye akawaambia wangoje wazee waje.

Basi wazee tumekuja, na hukumu yangu ni kwamba wote watatu walikuwa na haki. Aliyesema 10 alihesabu timu zilizocheza Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Aliyesema 12 alihesabu nchi zenye haki ya kucheza mechi za Testi, zile za siku tano. Na aliyesema zimepita 100 alihesabu wanachama wote wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, ambao kweli wamepita 100, nasi tumo. Ingekuwa mpira wa miguu ubishi huo usingekuwapo, maana huko nchi yenye chama kilichoandikishwa ni nchi, ishinde isishinde. Kriketi ina madaraja. Mimi ni mtumishi wa serikali, mambo ya madaraja nimeyazoea: kuna aliyethibitishwa kazini, kuna aliye katika muda wa majaribio, na kuna kibarua anayefanya kazi ile ile kwa jembe lile lile, ila jina lake halimo katika daftari. Miaka mingi kriketi ya dunia imeendeshwa hivyo hivyo.

Hao 12 huitwa wanachama kamili. Uingereza na Australia ndio waliocheza Testi ya kwanza, mjini Melbourne, mwezi Machi 1877, na Australia wakashinda kwa mikimbio 45. Afrika Kusini iliingia mwaka 1889, West Indies 1928, New Zealand 1930, India 1932, kisha Pakistan 1952, miaka mitano tu baada ya kuzaliwa nchi yenyewe. Sri Lanka ilingoja hadi 1982, Zimbabwe 1992, Bangladesh 2000. Wa mwisho ni Ayalandi na Afghanistan, waliopewa hadhi hiyo siku moja, mwezi Juni 2017. Katika ova 50 wanaongezeka wachache wengine, wanaopanda na kushuka kwa matokeo yao. Katika mchezo mfupi wa ova 20 mlango uliwekwa wazi kabisa: tangu tarehe 1 Januari 2019 mechi yoyote baina ya timu za wanaume za wanachama wawili inahesabiwa kuwa ya kimataifa na kuingizwa katika kumbukumbu. Wanawake walitangulia kupewa haki hiyo, tangu Julai 2018.

Aliyepata kusoma historia kwa walimu wetu walioketi pale mbele atasema orodha ile ni ramani ya dola ya Kiingereza. Ni kweli, lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mechi ya kwanza kabisa ya kriketi baina ya nchi mbili haikuchezwa na Waingereza. Ilichezwa New York mwezi Septemba 1844, baina ya Marekani na Kanada, na Kanada wakashinda kwa mikimbio 23. Hiyo ni miaka 33 kabla ya Testi ya Melbourne. Wamarekani walikuwa na kriketi ya kutosha, hasa Philadelphia, ambako palikuwa na vilabu vilivyowasumbua wageni kutoka Uingereza. Lakini mwaka 1909 Uingereza, Australia na Afrika Kusini waliketi London wakaunda chombo cha kuendesha mchezo huu duniani, na wakakipa jina la dola. Masharti yalikuwa kwamba mwanachama awe nchi iliyo chini ya taji la Mwingereza, na baadaye iliyo katika Jumuiya ya Madola. Masharti hayo hayakubadilishwa hadi 1965. Kwa hiyo mmoja wa wale wawili waliocheza mechi ya kwanza ya dunia alifungiwa nje miaka 56. Wala hapakuwa na aliyesema Wamarekani hawajui kupiga mpira. Kilichokosekana ni karatasi.

Ndiyo maana mimi nilifurahi mno mwezi Juni 2024, Marekani walipoifunga Pakistan mjini Dallas katika Kombe la Dunia la ova 20, baada ya kwenda sare na kuongezewa ova moja ya kuamua. Aliyerusha ova hiyo, Saurabh Netravalkar, ni mhandisi wa kompyuta mwenye kazi yake ya ofisini. Watumishi wenzangu mliomo humu, mnaodai hamna nafasi ya michezo kwa wingi wa mafaili, mnaona wenyewe.

Niseme kidogo juu ya West Indies, kwa sababu kuna funzo letu ndani yake. West Indies si nchi. Haina bendera katika Umoja wa Mataifa wala haina rais. Ni Jamaika, Barbados, Trinidad na Tobago, Guyana, Antigua na visiwa vingine, kila kimoja na serikali yake na ugomvi wake na jirani. Walijaribu kuwa shirikisho mwaka 1958, na shirikisho likavunjika mwaka 1962. Timu ya kriketi haikuvunjika. Ilichukua Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, na la pili mwaka 1979.

Sasa, katika Kombe lile lile la 1975, lililochezwa Uingereza kwa ova 60, zilialikwa timu nane. Sita zilikuwa za Testi. Ya saba ilikuwa Sri Lanka. Ya nane, ndugu zangu, ilikuwa sisi. Iliitwa Afrika ya Mashariki, ikakusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na hata Zambia, na nahodha wake alikuwa Harilal Shah. Wengi walikuwa wenyeji wenye asili ya Bara Hindi. Waafrika weusi walikuwa wachache, miongoni mwao John Nagenda wa Uganda, mwandishi, ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni na akafariki mwaka 2023. Walicheza mechi tatu wakashindwa zote. Glenn Turner wa New Zealand aliwapiga mikimbio 171 peke yake na hawakuweza kumtoa. Bishan Bedi wa India aliwarushia ova 12, na katika ova hizo zote walipata mikimbio 6 tu. Si sita kwa ova, jamani. Sita kwa jumla.

Msicheke. Zambia, Uganda na sisi tulikuwa na wachezaji waliokwenda kazini Jumatatu na kufanya mazoezi Jumamosi. Uganda ilikuwa imewafukuza Waasia mwaka 1972, na pamoja nao ikafukuza sehemu kubwa ya kriketi yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Mwaka 1981 Kenya ikajitoa katika timu ya pamoja ikawa mwanachama peke yake, na waliobaki wakaendelea kwa majina yaliyobadilika mpaka kila mmoja alipoondoka, Uganda mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Wale wa visiwani walikuwa na sababu nyingi za kuachana kuliko sisi. Sisi ndio tulioachana.

Nisipoisema Afrika Kusini nitakuwa nimewaficha vijana jambo kubwa. Nchi ile ilikuwa mmoja wa waanzilishi wa mwaka 1909, na kwa miaka 80 ilicheza Testi na nchi tatu tu: Uingereza, Australia na New Zealand, yaani timu za Wazungu. Na India, Pakistan na West Indies, waliokaa nao meza moja ya uanachama, haikupata kucheza nao hata mara moja. Ilipojitoa katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961, kwa sheria ilipoteza uanachama wa kriketi papo hapo. Je, zile nchi tatu ziliacha kucheza nayo? Hata kidogo. Ziliendelea miaka tisa zaidi kana kwamba hapakutokea kitu. Mwaka 1968 Uingereza ilimchagua Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, ambaye makaburu walikuwa wamemwandika katika daftari la machotara, na serikali ya Vorster ikasema timu yenye mtu huyo haitapokelewa. Safari ikavunjwa. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikatengwa, na ikakaa nje hadi 1991, ilipokwenda Calcutta kucheza na India kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mchezaji wake wa kwanza wa Testi aliye Mwafrika mweusi, Makhaya Ntini, aliteuliwa mwaka 1998. Na mwezi Juni 2025, uwanjani Lord's, Afrika Kusini iliishinda Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Testi, nahodha akiwa Temba Bavuma. Waliotengwa kwa miaka 21 wakiwa timu ya Wazungu watupu walikuwa na wachezaji hodari sana. Wataalamu husema timu ya 1970 ilikuwa bora kuliko zote za wakati ule. Mimi sina simanzi nayo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwa jirani zetu wa Kenya, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1994 mashindano ya kufuzu yalifanyika Nairobi. Kenya ilishindwa fainali na Falme za Kiarabu, lakini ikapata nafasi katika Kombe la Dunia la 1996. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, ilipambana na West Indies. Kenya walitolewa wote kwa mikimbio 166, na kila mtu akahesabu kazi imekwisha. Lakini Rajab Ali akamtoa Brian Lara kwa mikimbio 8 tu, nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu, na West Indies, mabingwa wa zamani mara mbili, wakaanguka kwa mikimbio 93. Waliocheza siku ile hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Tulisikia habari ile redioni tukiwa hapa hapa shuleni. Wengine mnakumbuka, wiki iliyofuata tulikuwa tukigombania zamu ya lile gongo moja.

Mwaka ule ule, uwanja wa Gymkhana wa Nairobi uliandikwa katika vitabu vya dunia: kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alipiga mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, na rekodi hiyo ikadumu hadi 2014. Mwaka 1998 Kenya iliifunga India huko kwao, Gwalior. Mwaka 2000 Nairobi ilikaribisha mashindano makubwa ya Baraza, ambayo New Zealand walishinda. Kisha ukaja mwaka 2003, Kombe la Dunia lililoandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, pointi zikapewa Kenya, na wenye kejeli husema Kenya walibebwa na pointi hizo. Wasisahau kwamba Sri Lanka walikwenda Nairobi, wakapigwa kwa mikimbio 53, na Collins Obuya, aliyepata kuuza nyanya sokoni, akachukua wiketi tano. Bangladesh walipigwa. Zimbabwe walipigwa. Timu ya Steve Tikolo ikafika nusu fainali, ikafungwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi. Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Testi iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50.

Mtu wa mwaka 2003 angeulizwa ni nani atakuwa nchi ya 11 ya Testi, angejibu Kenya bila kufikiri. Miaka 11 baadaye, mwanzoni mwa 2014, Kenya walishindwa mashindano ya kufuzu huko New Zealand wakapoteza hata ile hadhi ya ova 50. Kombe lao la Dunia la mwisho ni la mwaka 2011, waliposhindwa mechi zote sita.

Kilitokea nini? Nimesoma mengi juu ya jambo hili, kwa sababu linanihusu kikazi. Mimi hushughulika na vyombo vinavyopewa fedha za umma. Mambo yalikuwa mengi na yalisaidiana. Wachezaji na viongozi waligombania malipo hadi wachezaji wakagoma. Viongozi waligombania viti, kesi zikaenda mahakamani, na chama chenyewe kikavunjwa kikaundwa kingine. Wafadhili wakaondoka. Wakubwa wa dunia nao hawana usafi hapa: baada ya nusu fainali ile Kenya walipewa mechi chache mno, kana kwamba waliosimama mlangoni walitaka wachoke wenyewe. Lakini kuna sababu moja ambayo mimi naiona ndiyo mzizi. Ile timu ilitoka mahali padogo sana. Tazameni majina: akina Tikolo ndugu, akina Suji ndugu, akina Obuya ndugu watatu. Ni familia chache zilizokulia karibu na viwanja vichache vya Nairobi, watoto wakaona mchezo kwa kuchungulia, wakapenda, wakafundishwa. Ulikuwa ni muujiza wa ujirani. Fedha za miaka ile ya neema zilipoingia hazikutengeneza viwanja vipya vya kutosha wala hazikuwapa walimu wa shule kazi ya kufundisha, na kizazi kile kilipozeeka nyuma yake hapakuwa na foleni.

Walinganisheni na wengine wawili. Ayalandi walikuwa wanachama wadogo tu hadi walipoifunga Pakistan katika Kombe la Dunia la 2007. Kutoka hapo walijenga ligi ya majimbo yao, wakawalipa wachezaji mishahara, na miaka kumi baadaye wakapewa Testi. Afghanistan ni ajabu zaidi. Wengi wa wachezaji wao wa mwanzo walijifunza mchezo wakiwa watoto wa wakimbizi upande wa Peshawar, Pakistan. Mwaka 2008 walikuwa daraja la tano la dunia, wakicheza katika kisiwa cha Jersey. Mwaka 2017 walikuwa wanachama kamili, na mwaka 2024 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Ila siwezi kuwasifu nikanyamaza hapo. Masharti ya mwanachama kamili yanataka awe na timu ya wanawake, na tangu Taliban washike nchi mwezi Agosti 2021 wanawake wa Afghanistan wamekatazwa mchezo. Wachezaji wao wengi wamekimbilia Australia. Wanaume wanaendelea kucheza, na Baraza linaendelea kuwapa fungu lao. Wale wale walioshika sana karatasi kwa Wamarekani miaka 56, leo karatasi hawaioni.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Mgawo wa Baraza wa miaka 2024 hadi 2027 unaipa India peke yake takriban asilimia 38.5. Wanachama wadogo wote, nchi zaidi ya 90 kwa pamoja, wanagawana takriban asilimia 11. Kwa hiyo kijana asidhani kuna malaika atakayekuja na mfuko kutoka Dubai, yaliko makao makuu tangu 2005.

Na bado majirani zetu wanafanya kazi. Rwanda haikutawaliwa na Mwingereza hata siku moja. Kriketi ilipelekwa na watu waliorudi kutoka ukimbizini, hasa Uganda na Kenya, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na chama chao kiliundwa mwaka 1999. Walianza katika kiwanja cha shule ya ufundi ya Kicukiro, mahali ambapo watu wengi waliokuwa wamejihifadhi waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa na kuuawa. Mwaka 2017 wakafungua uwanja mzuri sana wa Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Mwaka 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini wakaifunga Zimbabwe, na Henriette Ishimwe akachukua wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, kisha wakaifunga West Indies. Kutoka kiwanja cha shule hadi kuifunga West Indies: miaka 24.

Uganda nao, mwezi Novemba 2023 mjini Windhoek, waliifunga Zimbabwe, nchi ya Testi, wakafuzu Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, na Zimbabwe ikabaki nyumbani. Huko Guyana walipata ushindi mmoja, dhidi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne kwa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi mbili. Ni rika langu huyo. Baada ya hapo West Indies wakawatoa Uganda wote kwa mikimbio 39, lakini hilo ni jambo la mechi. Nafasi yao ilikwisha kuandikwa.

Na Tanzania? Kijana wa tatu, aliyesema tumo, asimame wenzake wamwone. Katika mashindano yale ya Windhoek, Tanzania ilikuwa moja ya timu saba. Na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walishinda mashindano ya Afrika na kufuzu, kwa mara ya kwanza, Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2026 huko Zimbabwe na Namibia. Wale si watu wa mbali. Ni umri wenu, baadhi yao wadogo kuliko ninyi wa Kidato cha Sita.

Sasa nimalizie na jambo lililo mbele yetu leo alasiri, ambalo Katibu hakuliandika katika barua lakini kila mmoja humu analijua. Ajenda namba nne ni pendekezo la kujenga bweni jipya kwenye uwanja wa juu. Vigingi nimeviona asubuhi. Kimoja kimepigwa karibu kabisa na ule ukanda wa saruji wa katikati tunaotandika mkeka. Bweni linahitajika. Nimelala katika bweni lile lenye vitanda vya kubanana na sitaki mtoto wa mtu alale vile. Lakini mkoani hapa mimi sijui shule nyingine ya serikali yenye ukanda wa kriketi, na ukishajengewa juu hautarudi. Nyuma ya jiko, pale palipokuwa na karakana ya useremala, kuna eneo tambarare lisilo na kazi tangu karakana ivunjwe. Nimepita nalo kwa hatua pamoja na fundi wa wilaya: bweni la vitanda 80 linaingia na njia ya gari inabaki. Gharama itaongezeka kwa sababu ya kuhamisha bomba la maji machafu. Tumeikadiria na nimeileta.

Kadhalika, na hapa wenzangu wa Kamati wanisamehe, hesabu za mfuko wetu wa michezo hazijasomwa mbele ya mkutano kwa miaka mitatu. Sisemi kuna aliyekula. Nasema hazijasomwa. Naomba zisomwe leo kabla hatujachanga hata senti moja, na naomba gharama ya mkeka mpya na ya kumpeleka mwalimu wa michezo kwenye mafunzo ya ukocha iwe katika bajeti ya mwaka huu.

Hoja yangu nimeiandika kurasa mbili na kumkabidhi Katibu, pamoja na ramani ya fundi. Anayetaka kuiunga mkono ajiandikishe kwake kabla ya chakula.